Mizani moja haiwatoshi

Kumlaumu Yesu kwa kutotawala, au Muhammad kwa kushika upanga, ni kuwaonea wote wawili. Yesu alihubiri chini ya Warumi, hana jeshi wala serikali. Muhammad, tangu ahamie Madina mwaka 622, alikuwa na mji wa kuulinda, mikataba ya kutimiza na mirathi ya kugawa. Hapa mtaani Buyenzi, kwenye magaraji, Mkatoliki na Mwislamu hufungua injini moja, mikono imejaa oili, wakibishana juu ya manabii bila kukosana. Na wengi hawajui kwamba Kurani inamtaja Isa, yaani Yesu, kwa jina mara 25, Muhammad mara 4 tu, na kwamba sura ya 19 inaitwa kwa jina la mama yake, Bi Maryamu.