Kocha Apewe Kazi ya Kudumu

Kila baada ya Michezo ya Olimpiki, desturi ileile hujirudia katika nchi nyingi. Timu ya riadha hurudi mikono mitupu, viongozi wa chama huulizwa maswali, na kabla vumbi halijatulia kocha huwa ameshakabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Hutafutwa mwingine, naye hupewa miaka miwili au mitatu, hana ofisi, hana cheo kinachoeleweka, wala hajui mshahara wake wa mwaka ujao utatoka wapi. Wale wanaoendesha michezo kwa namna hii wangefaidika sana kama wangechunguza habari za Edward Temple, Mmarekani Mweusi aliyefundisha mbio mahali pamoja kwa muda wa miaka 44.

Temple alizaliwa tarehe 20 Septemba 1927 katika mji wa Harrisburg, jimbo la Pennsylvania. Shuleni alisifika kwa michezo kadhaa, lakini uwezo wake hasa ulikuwa katika mbio fupi. Uwezo huo ndio uliompeleka Nashville, Tennessee, mwaka 1946, kwenye chuo cha serikali ya jimbo kilichotengwa kwa ajili ya watu weusi, chuo ambacho tangu mwaka 1968 kimeitwa Tennessee State University. Aliingia kama mkimbiaji wa mbio fupi na akatoka mwaka 1950 na shahada. Hakuwahi kukimbia katika Olimpiki. Kama maisha yake yangeishia katika mbio alizokimbia yeye mwenyewe, leo jina lake lingejulikana na wazee wachache tu wa Harrisburg.

Mwaka huohuo wa 1950 chuo kilimpa kazi. Masharti ya kazi hiyo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Alitakiwa kuendesha posta ya chuo, kufundisha timu ya wanawake ya riadha, na wakati huohuo kuendelea na masomo ya shahada ya pili. Malipo yake yote kwa shughuli hizo yalikuwa dola 150 kwa mwezi. Riadha ya wanawake nchini Marekani wakati huo ilihesabiwa kuwa jambo la mzaha. Wapo walioamini kuwa mbio zinamharibu mwanamke, na vyuo vikubwa vya Wazungu havikuwa na haja nayo. Katika hali hiyo mtu angeweza kudhani kwamba kijana huyu alipewa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, na dhana hiyo haiko mbali na ukweli.

Hata hivyo, ndani ya ufukara huo kulikuwa na kitu kimoja chenye thamani kubwa. Temple alikuwa mtumishi wa chuo. Alipopata shahada yake ya pili mwaka 1953 aliingia katika ualimu na akafundisha somo la elimu ya jamii, pamoja na mbio. Timu yake iliposhindwa, na ilishindwa mara nyingi katika miaka ya mwanzo, hakuna aliyeweza kusimama asubuhi na kusema mtu huyu hana kazi tena. Ubingwa wa kwanza wa taifa ulipatikana mwaka 1955, baada ya miaka mitano. Ni vyama vingapi vya riadha duniani vingemvumilia kocha kwa miaka mitano bila ubingwa?

Timu yake ilijulikana kwa jina la Tigerbelles. Wasichana hao walikuwa mabinti wa wakulima, wapishi na watumishi wa majumbani kutoka majimbo ya kusini, ambako sheria ya ubaguzi wa rangi ilitawala kila kitu, hata bomba la maji ya kunywa. Waliposafiri kwenda kwenye mashindano walifunga chakula chao kabla ya kuondoka, kwa kuwa mikahawa ya njiani haikuwahudumia weusi. Vyoo vya vituo vya petroli vilifungwa kwao pia, hivyo gari lilisimama kando ya mashamba, wakaenda porini. Wakifika, walishuka kwenye gari wakiwa wamechoka kwa safari ya siku nzima, wakanyoosha viungo, wakakimbia na kushinda. Hapana shaka hali hiyo iliwakomaza. Lakini haikuwa sehemu ya mafunzo, bali ilikuwa dhuluma, na yeyote anayeisimulia kana kwamba ilikuwa dawa ya kuongeza kasi anawakosea heshima wasichana hao.

Jambo ambalo Temple alilitambua mapema ni kwamba mkimbiaji wa mbio fupi hatengenezwi katika umri wa miaka 20. Kwa hiyo kila kiangazi aliwaita chuoni wasichana wa shule za sekondari, akawaweka pamoja na wanachuo, wakafanya mazoezi mara tatu kwa siku kuanzia alfajiri. Wengi walirudi makwao na maumivu ya misuli tu. Wachache walirudi Nashville tena mwaka uliofuata, na mwingine tena, hata wakamaliza shule na kuingia chuoni. Msichana aliyefika hivyo alikuwa ameshajua namna ya kuondoka kwenye vibao vya kuanzia, namna ya kuinua magoti na kulegeza mabega, na zaidi ya yote alikuwa ameshawajua wenzake.

Wilma Rudolph alipita mlango huohuo. Alizaliwa mwaka 1940 katika familia ya watoto 22, na utotoni alipatwa na ugonjwa wa kupooza uliomdhoofisha mguu wa kushoto. Kwa miaka kadhaa alitembea na chuma mguuni, na mama yake alikuwa akisafiri naye kwa basi kutoka Clarksville hadi Nashville kutafuta matibabu katika hospitali iliyowapokea weusi. Temple alimwona kwa mara ya kwanza akicheza mpira wa kikapu. Yeye Temple alikuwa mwamuzi wa mchezo, na badala ya kuangalia mpira peke yake aliiangalia miguu ya yule binti mrefu. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 16, Rudolph alikwenda Melbourne na akarudi na medali ya shaba katika mbio za kupokezana vijiti. Wasichana wote wanne wa kikosi hicho cha Marekani walikuwa wa Temple.

Yafaa kusema pia kwamba mwalimu huyu alikuwa mkali, na baadhi ya kanuni zake leo zingepingwa, tena kwa haki. Wasichana wake hawakuruhusiwa kupanda magari ya vijana. Waliotaka kukimbia walipaswa kufaulu masomo. Siku moja Rudolph alichelewa mazoezi kwa dakika 30, akaamriwa kuzunguka kiwanja mara 30, mzunguko mmoja kwa kila dakika. Kesho yake alifika dakika 30 kabla ya wakati. Hadithi hiyo hupendwa sana na wapenda nidhamu. Iliyo muhimu zaidi ni nyingine. Temple alikuwa na kanuni kwamba msichana aliyezaa hana nafasi katika timu. Rudolph alipata mtoto mwaka 1958, kabla hajaanza masomo ya chuo. Kocha aliitazama kanuni yake, akamtazama binti, akaiweka kanuni pembeni. Kama asingefanya hivyo, Roma ingekuwa habari nyingine kabisa, na huenda wapo wasichana wengi, katika nchi nyingi, waliopotea kwa sababu hakuna kocha aliyekuwa na ujasiri wa kuvunja sheria aliyoitunga mwenyewe.

Huko Roma mwaka 1960 Temple alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanawake ya Marekani. Rudolph alishinda mita 100 kwa sekunde 11.0, muda ambao haukuandikwa kuwa rekodi kwa sababu upepo ulizidi kiwango, na akashinda mita 200 kwa sekunde 24.0. Ikabaki mbio ya kupokezana vijiti. Hapa ndipo hoja ya kazi ya kudumu inapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Mbio za kupokezana vijiti si kujumlisha kasi za watu wanne. Wakati ule kijiti kilipaswa kubadilisha mikono ndani ya eneo la mita 20. Anayepokea hana budi kuondoka kabla mwenzake hajamfikia. Akiondoka mapema mno kijiti hakimfikii, na akichelewa wote wawili hupunguza mwendo. Anatakiwa ajue kasi ya mwenzake akiwa amechoka, anyooshe mkono nyuma, aamini. Imani ya namna hiyo haipatikani katika kambi ya majuma matatu. Wakimbiaji wanne wa Marekani siku hiyo walikuwa Martha Hudson, Lucinda Williams, Barbara Jones na Rudolph, wote wa chuo kimoja na wa kocha mmoja. Katika mchujo waliweka rekodi ya dunia ya sekunde 44.4. Katika fainali mabadiliko ya mwisho yalikwenda vibaya, kijiti kikaponea chupuchupu kuanguka, Rudolph akapoteza hatua, kisha akamkimbiza Mjerumani na kumpita. Muda wao ulikuwa sekunde 44.5. Akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata medali tatu za dhahabu za riadha katika Olimpiki moja.

Mwaka huohuo, wanafunzi weusi wa Nashville, wakiwamo wa chuo hichohicho, walikuwa wameketi katika mikahawa ya mji wakidai kuhudumiwa kama binadamu wengine. Clarksville walipotaka kumpokea bingwa wao, Rudolph alikataa sherehe ya kubagua. Maandamano na karamu ya kumpokea vikawa shughuli ya kwanza katika mji ule kuwakusanya weusi na weupe pamoja.

Kocha wa bahati angeishia hapo. Temple alirudi kwenye kiwanja chake na kuendelea na wale wasichana wa kiangazi. Mmoja wao alikuwa Wyomia Tyus kutoka Griffin, Georgia, aliyefika Nashville mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 15. Katika Michezo ya Tokyo mwaka 1964, Temple akiwa kocha mkuu kwa mara nyingine, Tyus alishinda mita 100 na wa pili akawa Edith McGuire, Tigerbelle mwenzake. McGuire naye akachukua dhahabu ya mita 200. Mwaka 1968 katika jiji la Mexico, Tyus alishinda tena mita 100 kwa sekunde 11.08 na rekodi ya dunia. Kabla yake hapakuwa na mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa ametetea ubingwa wa mbio hiyo katika Olimpiki. Katika Michezo hiyohiyo Madeline Manning, wa chuo hichohicho, alishinda mita 800. Kwa jumla wanariadha 40 wa Temple walifika Olimpiki, wakapata medali 23, na 13 kati ya hizo ni za dhahabu.

Karibu wote hao 40 walihitimu masomo yao. Jambo hili halimo katika vitabu vya rekodi, lakini Temple mwenyewe alilihesabu mbele ya medali. Alijua, kwa kuwa alikuwa mkimbiaji, jinsi miguu inavyomwacha mtu mapema. Kwa miaka mingi wasichana wake hawakuwa na ufadhili wa michezo kama waliopewa wavulana, bali walilipia masomo kwa kufanya kazi za chuo kila siku, kisha wakaenda mazoezini, kisha darasani. Rudolph alipata shahada yake mwaka 1963 na akawa mwalimu.

Wapo watakaosema kuwa habari hii yathibitisha kwamba fedha si kitu, kwani mtu aliyelipwa dola 150 na kufundishia kwenye udongo alizishinda nchi zenye viwanja vya fahari. Hoja hiyo huwapendeza sana watunza hazina. Ukweli ni kwamba kiwanja cha Temple kilikuwa duara la udongo lisilokamilika, na mabingwa wa Roma, Tokyo na Mexico wote walipita juu yake. Kiwanja kilichostahili, chenye jina lake, kilizinduliwa mwaka 1978, miaka 18 baada ya Roma. Hakuna ajuaye ni wasichana wangapi waliumia vifundo vya miguu na kurudi makwao kabla ya mwaka huo. Chuo kilimpa Temple muda, na muda ukazaa matunda. Kilimnyima kiwanja, na kunyimwa huko hakukuzaa chochote. Yapasa mambo haya mawili yatenganishwe.

Temple alistaafu mwaka 1994. Kazi ilikwenda kwa Chandra Cheeseborough, binti wa Florida aliyekimbia chini yake na kushinda medali mbili za dhahabu katika mbio za vijiti na moja ya fedha katika mita 400 huko Los Angeles mwaka 1984. Mji wa Nashville ulimsimamishia mzee wake sanamu mwaka 2015, akiwa bado hai kuiona. Alifariki Septemba 2016, siku mbili baada ya kutimiza miaka 89.

Vyama vya riadha vinavyotafuta kocha sasa hivi, na katika nchi nyingi vinatafuta, vina njia iliyo wazi mbele yao. Kocha aajiriwe na chuo au shule, kwa cheo cha mwalimu na mshahara wa mwalimu. Aruhusiwe kuwaita watoto wa sekondari kila likizo. Afundishe kwenye kiwanja kilichokamilika. Na barua yake ya kazi isitaje tarehe ya Olimpiki ijayo.