Mkono Utasema: Umri wa Kweli wa Watoto Wetu katika Mashindano ya Vijana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba zake.



Siku si nyingi, baada ya swala ya Isha, alinijia mzazi mmoja ninayemheshimu. Akanivuta pembeni ya msikiti, akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. Ana kijana wake, mwanafunzi wetu wa chuoni, mchezaji mzuri wa mpira. Kuna watu wanachagua vijana wa chini ya miaka 17, na kijana ameshapita miaka hiyo. Alichotaka kwangu ni barua: kwamba daftari la chuo chetu linaonesha kijana kazaliwa miaka miwili baada ya mwaka wake wa kweli. Barua hiyo ingemsaidia kwenda kutengeneza cheti kipya.

"Sheikh, miaka miwili tu," akaniambia. "Kila mtu anafanya. Mtoto ana kipaji, na hali yetu unaijua."

Hali yao naijua kweli. Sikuandika barua, na mzee akaondoka ameudhika. Tangu siku ile nimeona ni wajibu nilieleze suala hili kwa marefu, kwa sababu yeye si wa kwanza kuniuliza, na kwa jinsi mambo yanavyokwenda hatakuwa wa mwisho.

Kwa nini mtihani huu umekuwa mkubwa

Mashindano ya dunia ya vijana yalianza mwaka 1985 nchini China, wakati huo kwa vijana wa chini ya miaka 16, na Nigeria ndiyo iliyotwaa kombe la kwanza. Mwaka 1991 yakawa ya chini ya miaka 17. Kwa miaka mingi yalichezwa kila baada ya miaka miwili, na hadi 2023 timu zilikuwa 24, Afrika ikipata nafasi nne.

Sasa mambo yamebadilika. Kuanzia 2025 mpaka 2029 mashindano haya yanafanyika kila mwaka nchini Qatar, timu ni 48, na Afrika ina nafasi 10. Novemba 2025 tuliona Ureno ikiifunga Austria 1-0 katika fainali kule Doha. Jirani zetu Uganda walikuwepo kwa mara ya kwanza, na wakavuka hatua ya makundi. Tanzania ilikuwa imeshatolewa mapema mwaka huo huo katika hatua ya makundi ya mashindano ya Afrika kule Morocco.

Mlango umepanuka, na hilo ni jambo la kheri kwa vijana wetu. Lakini mlango ukipanuka, na wanaotaka kupita kwa ujanja huongezeka. Zamani mzazi aliona Kombe la Dunia la vijana ni ndoto ya mbali. Leo anaona jirani kafika, na mwakani kuna tena. Hapo ndipo shetani anapomnong'oneza: miaka miwili tu.

Historia yetu wenyewe

Tusiwanyooshee wengine kidole. Tanzania ilifuzu mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 ya mwaka 2005 yaliyofanyika Gambia, kisha ikaondolewa kwa suala la umri wa mchezaji, na nafasi ikapewa Zimbabwe. Mwaka 2017 ikawa kinyume chake. Kongo Brazzaville walitutoa uwanjani, lakini wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyetiliwa shaka umri wake na ambaye hawakumpeleka kupimwa. Serengeti Boys wakenda Gabon badala yao, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola, wakafungwa na Niger. Kwa hiyo tumeonja pande zote mbili: tumefukuzwa, na tumefaidika pale mwenzetu alipofukuzwa.

Na sisi wa Visiwani tunayo yetu. Aprili 2018 timu ya Zanzibar ya chini ya miaka 17 ilikwenda Burundi kwenye mashindano ya CECAFA, yaliyotaka vijana waliozaliwa kuanzia mwaka 2002. Timu ikaondolewa mashindanoni kwa sababu ilikuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya hapo, ikatozwa faini na kufungiwa. Kama ni kusudi au ni uzembe wa kutosoma kanuni, Allah ndiye ajuaye nia za waja wake, na mimi sihukumu nia ya mtu. Lakini niliwafikiria wale watoto wanarudi nyumbani bila ya kucheza. Na ilikuwa haujatimia mwaka tangu Shirikisho la Afrika litunyang'anye uanachama liliotupa Machi 2017 na kuufuta Julai mwaka ule ule. Sisi ambao kila siku tunalalamika kuwa hatupewi nafasi, tunapopewa inatupasa tuwe wa mwanzo kuilinda.

Afrika nzima iko katika mtihani huu. Mwaka 2019 mashindano ya Afrika yalifanyika hapa kwetu, Dar es Salaam. Guinea walifika fainali wakafungwa na Cameroon kwa penalti, wakapata tiketi ya Kombe la Dunia. Kisha ikagundulika kuwa wachezaji wao wawili walishawahi kucheza mashindano Japan mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyengine za kuzaliwa. Guinea wakanyang'anywa nafasi, wakenda Senegal. Na Januari 2023, Cameroon hao hao walipoamua kuwapima vijana wao kabla ya mechi za kufuzu, wachezaji 21 kati ya 30 hawakupita.

Mkono unaposema

Kipimo chenyewe ni cha MRI. Kijana anaweka mkono wake kwenye mashine, na madaktari wanaangalia mfupa karibu na kifundo cha mkono. Mtoto anapokua, baina ya ncha ya mfupa na mfupa wenyewe kuna sehemu laini inayokua nao. Akikaribia utu uzima, sehemu hiyo hugeuka mfupa na kufunga kabisa. Uchunguzi ulionesha kuwa ni nadra sana kwa kijana ambaye hajafika miaka 17 kukutwa imeshafunga. Kombe la Dunia la vijana lilianza kutumia kipimo hiki mwaka 2009 nchini Nigeria.

Muislamu akisikia habari hii, anakumbuka Surat Yasin aya ya 65, ambapo Allah anatueleza siku ambayo vinywa vitapigwa muhuri, na mikono ndiyo itakayosema yale waliyokuwa wakiyachuma. Siku hiyo mkono utasema bila ya mashine. Hapa duniani Allah ametuonesha mfano mdogo tu: mdomo wa mtoto unasema kumi na sita, cheti kinasema kumi na sita, na mkono wake unasema hapana.

Lakini tusidhani mashine inatosha. Kipimo hiki kinafaa kwa chini ya 17 tu. Kwa vijana wa chini ya miaka 20 hakisaidii, kwa sababu mifupa ya wengi imeshafunga. Huko kinachobaki ni karatasi na ukweli wa watu waliozitia saini: mzazi, mwalimu, sheha, na kocha. Ndiyo maana suala hili ni letu sisi kabla ya kuwa la madaktari.

Hukumu yake

Kupunguza umri wa mtoto kwa makusudi ili aingie asipostahiki ni haramu, kwa sababu tatu.

Kwanza, ni ghushi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya lundo la chakula, akakuta umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akajitenga na kila anayeghushi. Cheti cha uongo ni lundo lile lile: juu kavu, chini mbichi.

Pili, ni ushahidi wa uongo. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa vizuri, akalikariri mpaka Masahaba wakatamani lau angelinyamaza. Anayetia saini tarehe asiyoiamini ametoa ushahidi huo.

Tatu, ni dhulma, na hili ndilo watu wanalolisahau. Timu ina idadi maalumu. Kijana wa miaka 19 akiingia, kuna mtoto wa miaka 16 wa Makunduchi au wa Wete anayeachwa. Mtoto huyo hatajua kamwe kwa nini hakuchaguliwa. Ataambiwa ni mdogo wa umbo, hana nguvu. Bila shaka hana nguvu, kwani analinganishwa na mtu mzima! Huyo ndiye mwenye haki, na siku ya Kiyama atakuwepo.

Wapo wanaosema: watoto wetu wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, basi tutajuaje? Hili ni swali la haki, nalo lina jibu lake. Aliyejitahidi kuutafuta ukweli, akamuuliza mama, mkunga na jirani, kisha akakadiria kwa nia safi, hana dhambi hata akikosea. Tunayemzungumza hapa ni yule anayeujua mwaka wa kweli na akauacha.

Na wapo wanaosema ni dharura, kwa sababu ya umasikini. Dharura katika fiqhi ni kuokoa roho ya mtu aliyekosa njia nyengine. Mpira haukukosa njia nyengine. Aliyepita miaka 17 yupo wa chini ya 20, na timu za ligi za wakubwa hazimkatai mtu kwa kuwa kapita 17.

Kijana aliyerudishwa

Napenda wazazi wawasomeshe watoto wao kisa cha Abdullah bin Umar (r.a.). Siku ya Uhud alipelekwa mbele ya Mtume (s.a.w.) akiwa na miaka 14, akataka kutoka na jeshi, akarudishwa. Siku ya Khandaq akiwa na miaka 15 akakubaliwa. Umar bin Abdul-Aziz alipohadithiwa kisa hiki akaifanya miaka hiyo 15 kuwa mpaka baina ya mtoto na mtu mzima, na madhehebu yetu ya Shafi yameishika.

Tazameni hapa. Lilikuwa jambo kubwa kuliko mpira, na baba yake ni Umar bin Khattab. Baba hakusema "mwaka mmoja tu, Mtume wa Allah". Mtoto hakujiongezea umri. Na aliyetuhadithia kuwa alirudishwa ni yeye mwenyewe Ibn Umar, ukubwani, bila ya kuona aibu. Alisubiri mwaka wake ukafika.

Ninayokiri

Sitaki mdhani nasema haya nikiwa juu ya mimbari ya usafi. Nilipomaliza skuli ya msingi, mjomba wangu, Allah amrehemu, alinipunguzia miaka mitatu ili nipate nafasi ya kuendelea. Alinifanyia kwa mapenzi. Mwaka ule umenifuata mpaka chuo kikuu na mpaka kazini. Kwa karatasi zangu, nitafika miaka 60 ya kustaafu nikiwa na 63, na miaka mitatu hiyo nitakuwa nimekalia kiti cha kijana anayesubiri kazi. Nilipomnyima barua yule mzee, jambo hili lilikuwa linanichoma. Nimekusudia, inshaAllah, kuondoka kazini nitakapotimiza 60 ya kweli, kwa kuwa sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari kabla ya muda. Nasema haya ili mzazi ajue kuwa "miaka miwili tu" haiishii kwenye mpira. Mtoto ataibeba kwenye kila karatasi mpaka anazeeka.

Nasaha

Mzazi, kama bado hujafanya, usifanye. Kama umefanya, tubu, na mtoe mtoto wako katika kundi asilostahiki kabla ya kutolewa na mashine mbele ya watu. Usimpe kaka cheti cha mdogo wake, maana umewadhulumu wote wawili.

Kocha, wewe ni mlezi. Ukimfundisha mtoto kusema uongo ili akushindie kombe, uongo huo atakwenda nao kila mahali.

Masheha na walimu wa vyuo na skuli, saini zenu ni shahada. Andikisheni watoto mapema, maana aliyeandikishwa siku aliyozaliwa hana wa kumbadilisha.

Na kijana uliyeambiwa umepita umri, usikate tamaa. Novemba 2023 vijana wetu wa chini ya miaka 15 walitwaa kombe la CECAFA nchini Uganda, wakiwashinda wenyeji kwa penalti, na sote tulifurahi. Furaha ya aina hiyo ina utamu inapokuwa halali, na riziki iliyoandikwa kwako haihitaji cheti cha uongo kukufikia.

Yule mzee hatujazungumza vizuri tangu usiku ule, lakini kijana wake bado anakuja darsani. Juzi aliniambia ameanza mazoezi na timu moja ya wakubwa, anakaa benchi. Nikamwambia asubiri. Namuomba Allah amfungulie, amridhishe na baba yake, na atusamehe sote.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.