KONA YA UFUNDI: Ruta ya Mkononi na Ruta ya Mezani

Vijana wetu kadha wa kadha hapa Uingereza wamegeuza magereji yao kuwa karakana, na swali ninaloletewa zaidi ni hili: je, ruta moja yatosha kwa kazi ya mkononi na ya mezani? Yaweza kutosha, lakini anayenunua kwa kutazama bei tu hujikuta na mashine isiyofaa huku wala kule.

Ruta, kwa asiyeijua, ni mota inayozungusha kisu kidogo kwa kasi kubwa ili kuchimba mifereji katika mbao na kupamba kingo zake. Nakshi za milango ya kwetu ni kazi ya patasi na nyundo, na mwenye kukwambia ruta itakufanyia hayo anataka kukuuzia kitu.

Kwa kazi ya mkononi, tazama kwanza uzito. Mashine nyepesi inayobana kisu chenye shina la robo inchi humtosha mwenye kutengeneza rafu na masanduku. Akitaka kuanza mfereji katikati ya ubao, achague ile ambayo mota yake hushuka juu ya nguzo mbili zenye springi, ili kisu kiingie taratibu.

Mezani mambo hugeuka. Mashine hufungwa chini ya meza, kichwa chini miguu juu, na ubao ndio unaosogezwa. Uzito hauchoshi mtu tena. Kinachotakiwa ni nguvu, shina la nusu inchi, na swichi ya kupunguza kasi. Kisu chembamba huzunguka mara 20,000 na zaidi kwa dakika, lakini kile cha upana wa inchi 3 kiteremshwe mpaka kama 10,000. Zile springi nilizozisifu huwa adha hapa, maana ukitaka kupandisha kisu unashindana nazo pamoja na uzito wa mota. Basi ulizia mashine ambayo kimo chake hurekebishwa kutoka juu ya meza.

Mwenye fedha za mashine moja tu, ningemshauri anunue mota ya kadiri yenye vitako viwili, kimoja kikae mezani daima na kingine kiwe cha mkononi.

Sasa vidole. Ukishika mashine mkononi na kuzunguka kingo za nje za ubao, nenda kinyume cha mishale ya saa. Mezani, sukuma ubao kutoka kulia kwenda kushoto, na usiupitishe hata siku moja kati ya kisu na ubao wa kuongozea. Ukikosea upande, kisu hakikati bali huunyakua ubao na kuurusha, na mkono ulioushika hufuata. Usichimbe pia kina chote kwa mara moja. Pitisha mara mbili tatu.

Wanaotaka kuwapelekea jamaa zao Oman, mashine ya hapa itafanya kazi kule, kwani umeme ni wa volti 230 au 240 na plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Ile ya ndugu zetu wa Marekani ni ya volti 120, na ikichomekwa Maskati itaungua.