Kamanda Anapovua Magwanda

Tarehe 29 Julai 2020 alifariki dunia Ndugu Perrance Shiri, Waziri wa Ardhi na Kilimo wa Zimbabwe, ambaye kabla ya kuingia katika siasa aliliongoza Jeshi la Anga la nchi hiyo kwa muda wa miaka 25. Alizikwa kwa heshima zote katika makaburi ya mashujaa mjini Harare. Lakini huko Matabeleland wapo waliosema wazi kwamba mtu huyo ameondoka na deni.

Msomaji wetu wa Nyamisati, Mbuchi au Kiongoroni ana haki ya kuuliza maisha ya mtu huyo yanamhusu nini. Yanamhusu, tena kwa karibu kuliko anavyodhani.

Shiri alizaliwa mwaka 1955 akaitwa Bigboy Samson Chikerema. Mwaka 1973 alijiunga na ZANLA, jeshi la ukombozi la chama cha ZANU, akachukua jina la Shiri, ambalo kwa Kishona maana yake ni ndege. Ndege yule wa mabawa na manyoya, maana wale wa chuma walikuwa bado mbali naye. Nchi yetu ilibeba sehemu yake ya mzigo wa ukombozi ule. Vijana wa ZANLA walifundishwa Mgagao, mkoani Iringa, na hapo hapo Mgagao, mwaka 1975, maofisa wao walitoa tamko la kumkataa Ndugu Ndabaningi Sithole na kumpendekeza Ndugu Robert Mugabe. Tunalikumbusha tamko hilo kwa sababu linaonyesha kwamba wenye bunduki walikuwa na kauli juu ya nani awaongoze tangu kabla nchi yao haijapata uhuru. Aliyechaguliwa kwa kauli hiyo ndiye aliyekuja kuondolewa na watu wa silaha ile ile miaka 42 baadaye.

Mwaka 1983 Shiri alikuwa kamanda wa Brigedi ya Tano, iliyofundishwa na wakufunzi kutoka Korea ya Kaskazini, nayo ikapelekwa Matabeleland kwa madai ya kuwasaka waasi. Yaliyotokea huko hayahitaji kutiwa chumvi. Wanavijiji wasio na silaha waliuawa kwa maelfu. Wengi hutaja watu 20,000. Mwaka 1984, katikati ya ukame, maduka ya Matabeleland Kusini yalifungwa kwa amri na chakula kikazuiwa kuingia. Serikali iliunda tume chini ya mwanasheria Chihambakwe, tume ikasikiliza watu, na taarifa yake haikutolewa hadharani. Kamanda hakushtakiwa. Mwaka 1992 alipandishwa kuwa mkuu wa Jeshi la Anga, na mwaka 1998 ndege zake zikapigana katika vita vya Kongo.

Novemba 2017 majeshi yaliingia mitaani Harare, na tarehe 21 ya mwezi huo Mugabe akajiuzulu. Mwanzoni mwa Desemba, Shiri alivua magwanda, akavaa suti na kuapishwa kuwa waziri.

Wapo waliomsifu kuwa waziri mchapakazi, na hatuna sababu ya kuwapinga. Tunaloliangalia sisi ni jina la mpango aliousimamia. Uliitwa Kilimo cha Amri. Ulianza katika msimu wa 2016/17, jeshi likiwa miongoni mwa wasimamizi wake: mkulima alipewa mbegu, mbolea na mafuta, naye akatakiwa kurejesha tani 5 za mahindi kwa kila hekta. Kwa hakika pembejeo ni neema. Lakini mahindi hayapigi saluti, na mvua haipangwi mstari. Mtu aliyezoea miaka 40 kutoa amri na kutii amri hujifunza kwa shida kazi ya kumngojea mkulima amalize kueleza shamba lake lilivyo.

Sisi wa Rufiji tunalijua jambo hilo bila kwenda Harare. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji mwaka 1969, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda nyanda za juu. Nia ilikuwa njema, na shule na zahanati zilifuata. Hata hivyo rutuba ilibaki bondeni, na wakulima wakaendelea kuteremka kila msimu, wakilala katika madungu kulinda mpunga wao dhidi ya nguruwe na ndege. Aliyewauliza kwanza angeyajua hayo mapema. Leo yapo mambo mawili ya namna hiyo hiyo: mipaka kati ya mashamba ya mpunga na hifadhi ya mikoko huko visiwani, na mahali pa kuishi watu waliokumbwa na mafuriko ya Aprili 2024. Yote mawili yanataka ofisa akae chini na wazee wa kisiwa kabla ya kuandika barua, si baada yake.

Nchi yetu ilifikiri mapema juu ya askari na siasa. Baada ya maasi ya Januari 1964 liliundwa Jeshi la Wananchi, na askari wakawa wanachama wa chama. Mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992, njia hizo mbili zilitenganishwa, na Katiba inamkataza askari aliye kazini kujiunga na chama chochote. Akistaafu, ni raia kama sisi. Wengi wamekuwa wakuu wa mikoa na wilaya, na baadhi yao wamefanya kazi nzuri. Hatuwanyimi nafasi hiyo. Tunachotaka ni kwamba aliyekuwa na amri juu ya roho za watu asiingie ofisi ya kiraia huku hesabu ya amri hizo ikiwa imefungiwa kabatini.

Hapo ndipo tunapofika nyumbani. Kati ya mwaka 2016 na 2017 viongozi wa vijiji, watumishi na askari waliuawa wilayani Kibiti na jirani zake. Aprili 13, 2017 pekee waliuawa polisi 8. Vyombo vya dola vilikuwa na wajibu wa kuingia, na viliingia. Mauaji yalikoma, nasi tunashukuru. Lakini wapo wananchi ambao jamaa zao wanasema hawajawaona tena tangu kipindi hicho, na mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, siku ile ile aliyojiuzulu Mugabe.

Zimbabwe ilingoja hadi Julai 2024 ndipo Rais Mnangagwa akawakabidhi machifu kazi ya kuwasikiliza watu wa Matabeleland. Miaka 40 ilikuwa imepita, mashahidi wengi walikwisha kufa, na Shiri alikuwa kaburini mwaka wa nne. Tunaiomba Serikali yetu isingoje hivyo. Itoe taarifa kamili ya yaliyotokea Kibiti, ya waliouawa na ya waliotoweka, isomwe kwa sauti katika mikutano ya vijiji kuanzia Bungu hadi Msala, na ofisa atakayeisoma abaki hapo kujibu maswali mpaka maji yatakapojaa na mashua ziweze kuondoka.