Huruma Haikungoja Dini

Imeenea baina yetu, barazani na sokoni, msikitini na kanisani, itikadi kwamba mtu asiye na dini hawezi kuwa na huruma ya kweli kwa wenziwe; kwani asiyemcha Muumba, husemwa, atamcha nani, na asiyetaraji thawabu atatenda hisani kwa ajili gani? Kauli hii hutamkwa kana kwamba imekwisha thibiti, nami naiona kuwa ni dhuluma juu ya watu wengi wema, tena inapingana na ushahidi wa dini zile zile inazodai kuzitetea.

Natutazame Makka kabla ya utume. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, katika nchi ya Yemen, alimwuzia bidhaa zake al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kureshi, akanyimwa thamani yake. Na kwa kuwa hakuwa na ukoo wa kumtetea mjini mle, alipanda mlima wa Abu Qubais akapaza sauti kudai haki. Walioguswa na kilio chake wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakala yamini kuwa watakuwa mkono mmoja na kila aliyedhulumiwa Makka, mwenyeji au mgeni, hata arudishiwe chake. Kisha wakamwendea al-As, wakaitwaa mali ile na kumrudishia mwenyewe. Kiapo hicho ndicho Hilful-Fudhul, na siku kilipofungwa Kurani ilikuwa haijateremka hata aya moja. Mtume Muhammad, aliyekihudhuria angali kijana, alisema baada ya kupewa utume kuwa lau angeitwa kwa kiapo kile katika Uislamu, angeitika. Huenda mtu akajibu kuwa Makureshi nao walikuwa na miungu yao. Naam, walikuwa nayo. Lakini kwa hukumu ya dini anayoitetea huyo mwenye kujibu, ibada ile ilikuwa batili, wala si insafu kuiita ibada moja upotofu leo na kuifanya chemchemi ya wema kesho. Na msomaji wa Injili ya Luka anajua kuwa aliyemwinua majeruhi njiani alikuwa Msamaria, mtu wa madhehebu yaliyodharauliwa, baada ya kuhani na Mlawi kupita kando.

Wanaoshikilia itikadi hii hukimbilia hofu ya Jahanamu, wakisema kuwa pasipo hofu hiyo wanadamu wangeraruana. Lakini anayejizuia kula mali ya yatima kwa kuogopa moto tu amejihurumia nafsi yake, hajamhurumia yatima. Na hofu yenyewe huvunjika siku inapohitajiwa zaidi. Mwaka 1994, nchini Rwanda, ambako wengi mno walikuwa wamebatizwa, watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata waliuawa humo humo. Kule Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu wapatao 1,500, na padri wa parokia ile, Athanase Seromba, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Huyu hakupungukiwa na mafundisho ya dini.

Sikanushi kuwa imani imewapa wengi ushujaa wa kuokoa roho. Katika maafa yale yale wako Waislamu na Wakristo waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha maisha. Ninachokanusha ni kuwa mlango ni huo mmoja. Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyetangaza waziwazi kuwa haamini, alifungwa mwaka 1918 kwa kupinga vita, akafungwa tena mwaka 1961, umri wake miaka 89, kwa kupinga silaha za nyuklia, naye hakutaraji pepo yoyote.

Kwa hiyo, tunapomtafuta mtu wa kumkabidhi urithi wa yatima au sanduku la chama cha mazishi, haitoshi kuuliza anasali wapi. Tuulize amewatendea nini waliokuwa chini ya mkono wake. Na asiyesali akiwa na jibu safi, akabidhiwe yeye.