Tiba ya Mazungumzo Haina Budi Kufika Zahanati

Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, na vilevile katika mitaa ya Jiji la Arusha, mtu aliyeelemewa na dhiki ya moyo husemwa kuwa "ana mawazo". Neno hilo hutamkwa kwa huruma, lakini mara nyingi shauri huishia hapo. Mwenye mawazo huambiwa ajikaze na amtegemee Mungu. Akienda zahanati, huenda kwa ajili ya kichwa kinachouma, usingizi uliopotea au moyo unaokwenda mbio, akarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Jambo lenyewe lililompeleka huko halikuulizwa.

Hali hiyo haifai kuendelea. Sayansi imekwisha kuonyesha kwamba dhiki nyingi za namna hiyo zinatibika, na kwamba mojawapo ya tiba zake ni mazungumzo yanayoendeshwa kwa utaratibu maalumu. Kwa hiyo mahali pa tiba hiyo si katika hospitali kubwa peke yake, bali pia katika zahanati ya kijiji.

Wako wanaodhani kwamba kutibu kwa maneno ni jambo la kigeni. Dhana hiyo haina msingi. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyefanya uchunguzi miongoni mwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963, alieleza kwa kirefu jinsi ugomvi wa ardhi na mali ulivyomalizwa katika mabaraza ya ukoo, ya rika na ya mtaa. Hapakuwa na hakimu wa kutoa amri. Watu walijadiliana mpaka pande mbili zikapatana. Imani kwamba maneno yaweza kutengeneza kilichoharibika ni urithi wa watu wa sehemu hizi.

Hata hivyo, baraza lina mpaka wake. Kazi yake ni kuamua shauri baina ya watu, nalo hufanya hivyo hadharani. Huzuni ya mjane haina mshtakiwa. Kijana anayejiona kuwa hafai kitu hana wa kumdai fidia.

Vivyo hivyo na msiba. Tarehe 6 Mei 2017 basi lililowachukua wanafunzi wa shule moja ya Arusha lilipata ajali huko Rhotia, Karatu, na watu 35 wakafariki: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Maelfu ya wananchi walikusanyika katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwaaga marehemu. Mkusanyiko wa namna hiyo humpa mfiwa nguvu, na hapana sayansi inayoudharau. Lakini matanga huondolewa, majirani hurudi mashambani, na mzazi hubaki na kitanda kitupu. Wengi hupona pole pole kwa msaada wa jamaa zao. Wapo pia wasiopona, na hao wanahitaji msaada wa aina nyingine.

Msaada huo ni upi? Katika tiba ya mazungumzo, mgonjwa hukutana na mshauri aliyefunzwa kwa siku na saa zinazojulikana, mara nyingi mara moja kwa juma. Anayosema hubaki siri. Mshauri hatoi hukumu wala hakimbilii kuonya. Husikiliza kwanza, kisha humsaidia mgonjwa kuitaja dhiki yake kwa jina, kuigawa sehemu sehemu, na kuchagua jambo dogo la kutenda kabla ya kukutana tena. Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, alitilia mkazo jambo moja zaidi: kwamba mtu mwenye huzuni nzito huyafasiri mambo kwa namna ya kujihukumu, na kwamba fasiri hizo zaweza kupimwa.

Mfano uko karibu. Mwaka 2019 watalii wapatao milioni 1.5 waliingia Tanzania. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, idadi hiyo ilishuka hadi 620,000 hivi. Tuchukue mwongoza watalii wa Arusha aliyepoteza kazi mwaka huo akajiambia kwamba ameshindwa kuwa baba. Mshauri hawezi kumrudishia kazi, wala hambishii. Humwuliza: ni wenzako wangapi waliobaki kazini? Ikiwa ugonjwa ndio uliofunga mipaka ya nchi, imekuwaje ukawa ushahidi dhidi yako? Ni nani nyumbani anayejua ukubwa wa deni? Juma hili waweza kuonana na nani? Maswali hayo yaonekana kuwa mepesi, lakini kuyauliza kwa wakati wake, na kunyamaza kwa wakati wake, ni ufundi unaohitaji mafunzo.

Swali linalofuata ni kama ufundi huo waweza kufanywa na watu wasio madaktari, maana wataalamu wa afya ya akili nchini ni wachache mno. Jibu lilipatikana kwa majirani. Mwaka 2002 watafiti waliipima tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda. Walioendesha vikundi walikuwa wenyeji wa kawaida waliopewa mafunzo ya majuma mawili. Wagonjwa walikuwa na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu nguvu na hamu ya maisha. Walikutana mara moja kwa juma kwa majuma 16. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya washiriki walikuwa na sonona kamili. Baada yake walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia, visivyopata tiba hiyo, kiwango kilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Tarakimu hizi za mwisho zastahili kuangaliwa vizuri. Zaonyesha kwamba wapo wanaopata nafuu bila ya tiba, na kwa hiyo sifa ya tiba yoyote haiwezi kupimwa bila ya kundi la kulinganishia. Zaonyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya walioachwa bila tiba waliendelea kuugua.

Karibu zaidi ni Moshi, kilometa 80 hivi kutoka Arusha. Huko, na katika Bungoma, Kenya, washauri wasio wataalamu walifunzwa kuwasaidia watoto wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na wazazi. Matokeo kuhusu watoto 640 yalichapishwa mwaka 2020. Mara baada ya tiba, waliotibiwa walikuwa na nafuu kuliko wenzao katika Bungoma, mjini na vijijini, na katika vijiji vya Moshi. Katika mji wa Moshi tofauti haikuonekana. Miezi 12 baadaye faida ilikuwa imebaki Bungoma, lakini kwa upande wa Moshi makundi mawili yalikuwa yamelingana. Funzo la Moshi si kwamba tiba haifai, bali kwamba haifai kuhamishwa kutoka mahali hata mahali bila ya kupimwa upya.

Wengine watauliza kama njaa yaweza kutibiwa kwa maneno. Haiwezi. Mazungumzo hayaongezi kihamba kilichogawanywa kwa wana watano, wala hayapandishi bei ya kahawa. Lakini mgonjwa wa sonona hana nguvu ya kupalilia hata kile kidogo alicho nacho. Aidha, mwenye kuona au kusikia visivyokuwapo, na mwenye nia ya kujiua, wanahitaji kupelekwa hospitali bila kukawia. Mshauri wa zahanati hana budi kufunzwa kuwatambua.

Yanayohitajika si makubwa. Halmashauri za Arusha na Meru zaweza kuanza na zahanati chache: watumishi wawili kila mahali wapewe mafunzo, wapatiwe chumba chenye mlango unaofungwa, na wasimamiwe mara kwa mara na wataalamu wa Hospitali ya Mount Meru. Mazungumzo yawe kwa lugha ambayo mgonjwa huilia, iwe Kiswahili, Kimeru au Kimaasai. Matokeo yaandikwe, na zahanati zisizoanza zitumike kulinganishia. Njia hii si ngeni: ushauri nasaha ulipata kufika zahanati pamoja na upimaji wa UKIMWI, na katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulijaribiwa kwanza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini haifai kumlaumu mwananchi kwa kuficha maradhi ya moyo ilhali hajapewa mahali pa kuyasema. Mahali hapo pawe zahanati yake.