JIUNGE NA SACCOS WAKATI WA MAVUNO, SIYO JANUARI

Ndugu wanakijiji,

Mwezi Januari watu walikuja pale ofisi ya ushirika mmoja mmoja, wengine jioni giza likianza kuingia, na wote neno lao lilikuwa moja: "Katibu, mkopo wa SACCOS unatoka lini?" Nami kila mmoja nilimwuliza, "Kitabu chako kina akiba kiasi gani?" Wengi hawakuwa na kitabu. Walitaka wajiunge leo wakope kesho. Karani akawaambia haiwezekani, wakaondoka wamenuna, na wiki ile ile baadhi yao wakauza butura.

Siwacheki. Mimi mwenyewe nimewahi kuuza butura, mwaka ule mtoto wangu wa kwanza alipoanza sekondari. Kahawa ilikuwa bado mbichi mtini, nikapokea fedha, na msimu ulipofika nikachuma kahawa yangu kwa mikono yangu nikampelekea mtu mwingine. Mama watoto alinitazama tu, hakusema neno. Najua uchungu wake.

Hebu tupige hesabu pamoja, maana ndiyo faida ya kwenda kisomo. Tuseme Januari umepewa shilingi 200,000, nawe umeahidi kilo 100 za kahawa ya maganda. Tuseme Julai bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Kahawa yako ni shilingi 300,000. Basi umelipa 100,000 kwa kutumia 200,000 miezi sita tu. Bei ikipanda zaidi, umelia zaidi. Sasa chukua fedha zile zile kwenye chama cha akiba na mikopo. Tuseme riba ni moja na nusu kwa mia kwa mwezi. Hata ikipigwa juu ya mkopo wote bila kupungua, ni shilingi 3,000 kwa mwezi, miezi sita 18,000. Toa 18,000 katika 100,000. Zinabaki 82,000. Hizo ndizo sare, viatu na madaftari, maana ada ya sekondari ilifutwa tangu 2016 lakini duka la sare halijafutwa.

Na siku hizi kuna hii mikopo ya kwenye simu, na ile wanayoiita kausha damu. Jina lenyewe linatosha, sihitaji kueleza.

Sasa kosa letu liko wapi? Tunadhani SACCOS ni fedha za serikali, au za mfadhili, zimeletwa ndani ya sanduku zigawiwe. Siyo. Fedha zilizomo ni za jirani yako aliyeuza ndizi akaweka, na za mama yule wa maharage akaweka. Ukikopa usilipe hujamkimbia mzungu, umemkimbia shemeji yako.

Jambo hili halikuanza kwetu. Ujerumani, katika majira ya baridi ya 1846 na 1847, kulikuwa na njaa, na wakulima wadogo waliumizwa sana na wakopeshaji. Alikuwapo kiongozi wa vijiji, Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Kwanza aliwaomba matajiri watoe fedha za kuwasaidia maskini. Ikaenda kwa muda, kisha matajiri wakachoka, kama matajiri wa popote. Mwaka 1864, mahali paitwapo Heddesdorf, akaanzisha chama ambacho wakopaji ndio wanachama wenyewe, na wote wanadhaminiana. Tazameni vizuri: ya kutegemea wafadhili ilimshinda, ya wenyewe kwa wenyewe ikaenea dunia nzima.

Wazee wataniambia, "Katibu, ushirika tunaujua." Ni kweli. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudi kwa sheria ya 1982, na katikati hapo watu waliumia. Na hapa kwetu tulikuwa na chama cha kuweka na kukopa ambacho kilikufa. Sitamtaja mtu, lakini nitasema kilikufaje, kwa sababu nami nilikuwa mwanachama. Viongozi walijikopesha wenyewe kwanza. Mkutano mkuu ulipoitwa tulikwenda wachache, tukapiga makofi, taarifa ya hesabu ikasomwa haraka haraka kama tangazo la msiba, hakuna aliyeuliza. Mimi nilimdhamini mtu kwa kuona haya tu, nikatia sahihi karatasi nisiyoisoma. Alipohama, akiba yangu ndiyo iliyolipa. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, kwa taabu, halafu anatia sahihi bila kusoma! Bado najilaumu.

Kwa hiyo kabla hujaingia chama chochote, uliza. Kimeandikishwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika? Kina leseni? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS haitakiwi kufanya kazi bila leseni, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ndiyo inayosimamia. Omba uione. Omba na masharti ya chama uyasome, au usomewe na mtu unayemwamini. Kiongozi akikasirika kwa kuulizwa, basi jibu umeshalipata.

Kuna fedha za aina tatu, msizichanganye. Kiingilio unalipa mara moja, hakirudi. Hisa ndizo zinazokufanya mwenye chama; huzitoi ovyo, na hata ukiwa nazo nyingi kura yako kwenye mkutano ni moja tu, sawa na ya mwenye chache. Akiba ni yako, unaongeza kidogo kidogo, lakini ukiwa na mkopo inashikiliwa mpaka umalize. Vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, pamoja na wadhamini. Basi anayetaka 200,000 Januari awe na akiba kama 70,000. Ukiweka shilingi 1,500 kila wiki, kwa wiki 48 unapata 72,000. Bei ya chupa ngapi za bia hiyo? Msinijibu.

Lakini namna nyepesi zaidi ni kuanza siku ya malipo ya kahawa, fedha zikiwa bado mkononi na kabla harusi hazijaanza. Januari hakuna mtu mwenye akiba, kuna wenye shida tu, na chama cha wenye shida peke yake hakina cha kukopesha.

Neno moja kwa akina baba, najua halitapendeza wote. Mnaandika kitabu kwa jina lenu, mke ndiye anayepalilia na kuanika. Mwacheni mama naye ajiunge kwa jina lake. Uanachama ni wa mtu, siyo wa nyumba, na wengine wenu mkishapata mkopo peke yenu tunajua unakoishia. Na kila mwanachama aandike jina la mrithi kwenye fomu. Usiache pale pawe tupu. Nimeshakaa kwenye vikao vya misiba, nimeona ndugu wanavyogombea akiba ya marehemu.

Fomu zipo kwa karani, Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Awe mtu wa miaka 18 au zaidi, aje na kitambulisho, picha mbili ndogo na kiingilio. Kama hajui kuandika, aje vile vile. Nami nipo siku hizo, tutajaza pamoja na nitamsomea kila mstari kabla hajaweka dole gumba.

Katibu wa Chama,
Tawi la Kijiji